Baba, mama na watoto tu: niliyoyaona kwenye ndoa ya Mluguru na Mchagga

Mi ni Mluguru wa Mgeta, mume wangu Mchagga wa Rombo, tunakaa Dar huku Kivule na tuna watoto watatu. Naandika haya kwa sababu ofisini kwetu kuna mabinti wanaoanza ndoa na kila tukikaa kula mchana lazima itokee ile kauli ya "sisi tunataka familia yetu tu, mimi, mume na watoto, ndugu wakae kwao". Siwapingi jamani, kwa sehemu kubwa niko upande wao, nyumba ya vyumba vitatu na mshahara mmoja na nusu haviwezi kubeba ukoo mzima. Ila kuna mambo hawajaambiwa na mi nayaona yakiwapata mmoja mmoja, bora niyaseme.

Nianze na posa yangu maana hapo ndo nilianza kuona. Kwetu Uluguru ukoo unafuata mama. Shamba ni la lukolo, la upande wa mama, na mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba, yaani kaka yake mama. Baba yupo, anapendwa, analisha, ada analipa, lakini kukiwa na posa, msiba au ugomvi wa shamba anatafutwa mjomba. Sasa washenga wa mume wangu wametoka zao Rombo na bahasha yao, wamefika wamemkuta baba kakaa pale kwenye kiti chake, wakamwelekea yeye kwa heshima zote, wamejieleza weee mpaka wamemaliza. Baba kawasikiliza kimya, mwisho akawaambia "nimewasikia wanangu, sasa hayo mwambieni mjomba wake, yule pale mlangoni". Mjomba mwenyewe walimpita wakati wanaingia, walijua ni jirani kaja kusaidia kupanga viti! Mpaka leo nyumbani kwetu hiyo stori ikianza watu wanashika mbavu.

Kwao sasa ni kinyume kabisa. Mtoto ni wa baba, kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kinatoka kwa baba kwenda kwa watoto wa kiume, na yule kitindamimba wa kiume ndo anabaki na nyumba ya wazazi na kuwatunza. Mjomba anaheshimiwa lakini hana la kuamua. Kwahiyo tulivyooana ile habari ya baba mama na watoto haikuwa yake wala yangu. Kwangu mimi mume ni mtu anayekuja kwenye ukoo wa mama, kwake yeye mke ndo anayekuja kwenye ukoo wa baba, afu wote wawili tukajikuta tumepanga chumba na sebule Mabibo hakuna aliyekuja kwa mwenzie, tumekutana katikati kwenye nyumba ya mtu baki. Kuna raha yake ile, nisidanganye. Hakuna mila ya kutuamulia nani anakaa wapi, chakula gani Jumapili, mtoto abatizwe lini. Tuliamua wenyewe usiku tukiwa tumelala, na mambo mengi ya maana ya ndoa yetu yaliamuliwa hivohivo, nadhani tungekuwa kwenye uwanja wa wakwe tungeishia kuwa watekelezaji tu.

Lakini sasa nje ya kile chumba dunia haijakubaliana familia ni nini, hapo ndo pana kazi.

Mjomba alipofariki (yuleyule wa mlangoni) nikaenda kwa mtu wa HR kuomba ruhusa ya msiba. Kijana mpole tu, hana shida, akafungua sheria ya ajira ya 2004 akanisomea. Una siku 4 za malipo kama mtoto wako anaumwa au amefariki, au kama amefariki mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Akaishia hapo. Nikamuuliza mjomba yuko wapi? Akapitia tena juu mpaka chini, "mama, mjomba hayupo". Nikamwambia kijana wangu, huyu ndo alipokea mahari yangu, huyu nisipoonekana kwenye mazishi yake sina ukoo tena, nitazikwa na nani mimi. Akasema anaelewa ila fomu haina hicho kipengele, andika likizo ya kawaida. Nikaandika likizo ya kawaida. Na sio Waluguru peke yetu tunaokwama hapo, kuna mwenzetu wa Singida alilelewa na mama mkubwa tangu ananyonya, mama mkubwa kafariki naye kaambiwa hivohivo. Kila mtu pale ofisini ana mtu wake mmoja ambaye ni kila kitu kwake na hayupo kwenye orodha.

Ushauri wangu kwenye hili ni mdogo na wa kawaida kabisa, tunza siku zako za likizo. Msizimalize zote Desemba kwenda kupiga picha, kwa sababu watu mtakaowazika ni wengi kuliko wale wa kwenye sheria.

Bima ya afya nayo ina hesabu zake. Mimi nimeajiriwa, nakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongezea 3, mume wangu anauza spea Kariakoo kwahiyo yeye anaingia kwangu kama mwenza. Fomu inataka mwenza na wategemezi wanne basi. Watoto watatu, imebaki nafasi moja. Wazee waliobaki hai wakati ule mama yangu, mama mkwe na baba mkwe. Nafasi moja wazee watatu, na wote sukari na presha zimeshaanza kupiga hodi.

Hiyo fomu ilikaa juu ya friji nadhani kuliko karatasi yoyote iliyowahi kuingia nyumbani kwetu. Mume wangu hasemi kitu, mi sisemi kitu, kila mtu anafungua friji anachukua maji anaifunga taratibu. Nilikuwa najua akisema "mama yangu" nitaumia na nikisema "mama yangu" ataumia. Aliyetuokoa ni wifi yangu, ni mwalimu, wakati huo hajazaa, siku kaja kutusalimia kaiona ile karatasi kaisoma amesimama palepale akacheka, akasema nyie mnahangaika nini, baba na mama wako kwangu tangu mwaka juzi, hamkuuliza. Kwahiyo nafasi ikaenda kwa mama yangu. Wifi naye siku hizi ana mtoto na mume, akiongeza watoto hesabu itabidi ianze upya na safari hii tumeshakubaliana tutakaa wote mezani na fomu zetu, kaka zake wawili, yeye na mimi.

Mi hapo ndo naona watu wanakosea wanaposema ndugu wakae kwao. Fomu ya familia ndogo ilikuja nyumbani kwangu na aliyeijaza ikakaa sawa ni ukoo.

Tena hata hiyo "familia yetu tu" ya mjini ukiichungulia vizuri kuna mtu mle ndani hatajwi. Nani analea watoto saa kumi na moja alfajiri mama anapanda daladala mpaka saa mbili usiku baba anarudi kutoka Kariakoo? Dada wa kazi. Karani wa sensa alipokuja kwetu mwaka 2022 aliuliza waliolala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti ni akina nani, hakuuliza nani kazaliwa na nani, akahesabu watu saba, sisi watano, dada, na mtoto wa kaka yake mume wangu aliyekuwa amekuja likizo. Mi nilitaka kumwambia sisi ni watano. Yule karani alikuwa sahihi kuliko mimi.

Dada akiondoka ndo utajua. Wetu mmoja aliaga anaenda kusajili laini hapo kituoni, Jumatatu asubuhi, mi niko kazini, ikafika mchana jirani ananipigia "mama nanihii mtoto wako analia getini na dada simuoni". Simu ya dada haipatikani, begi lake halipo. Mdogo alikuwa hajatimiza hata mwaka. Mume yuko dukani, mi niko Posta, foleni ya kurudi Kivule mnaijua. Jirani ndo aliyemchukua akamnyonyesha pamoja na wa kwake, ndio, akamnyonyesha, afu akaniambia jioni kama kitu cha kawaida, "alikuwa na njaa". Huyo jirani sikuwa nimewahi kuingia ndani kwake. Tulikuwa tunasalimiana kupitia tundu la geti.

Wenzangu wengi walikuwa wanatatua hilo tatizo kwa kupeleka watoto bweni, unakuta mtoto wa darasa la kwanza anajifulia soksi. Nilikuwa nawaelewa, walikuwa hawana bibi nyumbani wala dada wa kuaminika. Afu mwaka 2023 serikali ikapiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, ofisini kwetu ikawa kilio, watu wanapigiana simu kijijini kutafuta mama mdogo gani hana mume, binamu gani kamaliza form four yuko tu. Walewale wa "ndugu wakae kwao" wiki hiyo walikuwa wanatuma nauli.

Mama yangu sasa hivi ndo anatuokoa, na kwa kweli treni ya SGR imenisaidia kuliko semina yoyote ya ndoa. Tangu ilivyoanza katikati ya 2024 anapanda Moro kwa shilingi 13,000 chini ya masaa mawili yuko Dar, zamani ilikuwa basi na vumbi na miguu kuvimba. Ila hakai. Wiki inakatika ameshaanza kukunja kanga zake. Nikamuuliza mama kwani tumekukosea nini, akaniambia "hamjanikosea, ila humu ndani mnafunga geti asubuhi mnaondoka, mpaka jua linazama sijaongea na mtu mwenye meno". Yaani kabaki yeye na mtoto mchanga na televisheni. Kule Mgeta akikaa barazani asubuhi moja anakuwa ameshasalimiana na watu, kapewa figili, kajua nani anaumwa. Hilo sijalitatua mpaka leo. Nimejaribu kumtafutia jumuiya ndogondogo ya hapa mtaani anaenda anafurahi lakini wanakutana mara moja kwa wiki.

Mama mkwe yeye alikuja kwenye uzazi wa kwanza na hapo nilijifunza kumpenda. Kashuka stendi na mikungu ya ndizi mshare na nyama kaifungia kwenye ndoo, hajakaa hata chini kaomba sufuria kubwa. Ule mtori alikuwa anaupika hivi, ndizi na nyama vinachemka pamoja mpaka nyama iachie mfupa, anachomoa mifupa pembeni, afu anaponda na mwiko amesimama, anageuza sufuria kidogo anaponda tena, mpaka laini kabisa, anaweka siagi kidogo. Bakuli asubuhi, mchana, jioni, usiku wa manane mtoto akiamka na mi naamshwa ninywe. "Kunywa mwanangu, maziwa yatatoka wapi." Likizo ya uzazi ni siku 84 na mume aliyeajiriwa anapewa 3, ukitoa huyo bibi kwenye hiyo hesabu anabaki nani wa kukugeuza kitandani? Mama yangu naye alitaka kuja muda huohuo nikamwomba asubiri, alinuna, kwetu bibi mzaa mama ndo mwenye haki ya kwanza. Kwa watoto waliofuata tukabadilishana zamu.

Pesa sasa. Hapa nitaongea kwa kirefu kidogo kwa sababu ndo panavunja ndoa za watu, na ndo sababu halisi ya watu kutaka kujifungia. Simu imefanya kila mtu awe na mkono mfukoni mwako. Mchango wa harusi ya mtoto wa binamu, paa limeezuliwa, ng'ombe anaumwa, mtoto kachaguliwa form five anatakiwa godoro, na kila moja ni la kweli, ndo ubaya wake, wangekuwa waongo ingekuwa rahisi. Miaka ya mwanzo tulikuwa tunatumiana kimyakimya, mume anatuma kwao mi sijui, mi natuma kwetu yeye hajui, mwisho wa mwezi ada haijatimia kila mtu anamwangalia mwenzie.

Tulichofanya tumetenga fungu la ndugu kwenye bajeti kama tunavyotenga umeme. Liko kwenye daftari, kiasi kinajulikana, nusu kwao nusu kwetu, likiisha limeisha mpaka mwezi mwingine, isipokuwa msiba na hospitali. La pili na hili ndo muhimu zaidi, mwenye ndugu ndo mwenye kusema hapana. Mama mkwe akinipigia mimi, tunasalimiana vizuri, "shikamoo mama", "marahaba mwanangu, wajukuu zangu hawajambo?", tunaongea ya migomba na mvua, akifika kwenye bati namjibu nimekusikia mama, jioni mwanao akirudi atakupigia. Basi. Simkatalii mimi hata siku moja hata kama najua daftari limeshajaa, kwa sababu mtoto akimkatalia mama yake ni maongezi tu yataisha, mkwe akikataa unaitwa mwanamke aliyemfunga mtoto wa watu. Na mama yangu vilevile akipiga kwa mume wangu. Mabinti wa ofisini hii wakiichukua peke yake nimeridhika.

Kuna waliofunga kabisa na wanaishi vizuri tu, siwezi kusema uongo. Mtaani kwetu walikuwepo mume na mke, nyumba nzuri, ukuta mrefu, ndugu hawaji na wao hawaendi, watoto wanasoma, madeni hawana. Sijawahi kuwasikia wanagombana. Nilikuwa nawatolea mfano nyumbani nikitaka kumchokoza mume wangu kwenye safari zake za Desemba, maana nauli ya familia nzima kwenda Rombo na kurudi pamoja na mbuzi na zawadi za wazee inatosha ada ya muhula.

Yule baba akafariki ghafla. Presha. Mke akaja kwangu, hatukuwa na mazoea lakini nadhani mimi ndo nilikuwa na geti lililo wazi siku ile, akakaa kwenye kochi na simu ya marehemu mkononi imefungwa kwa ile michoro ya nukta, amejaribu tarehe ya kuzaliwa mtoto, jina la kanisa, imegoma. Alikuwa anatafuta namba ya kaka mkubwa wa mume wake. Alimwona siku ya harusi na baada ya hapo hakuwahi kumtafuta. Jina la kijiji alikuwa analijua, tukampata kupitia kwa paroko wa huko.

Mazishi yakapita. Ndo likaja suala la benki na kiwanja, kaenda mahakama ya mwanzo kuuliza habari za mirathi wakamwambia alete muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Ukoo. Watu ambao kwa miaka yote ile hawakuwa na nafasi kwenye nyumba ile ndo wakae wasaini karatasi kwamba wanamkubali yeye asimamie. Hawakuwa watu wabaya, nisiwasingizie, walikuja, walikaa, mmoja akauliza maswali ya uchungu kidogo kuhusu mama yao aliyekufa bila kuletewa wajukuu, mwisho wakasaini. Lakini yule mjane alikaa kwenye kile kikao mgeni kabisa, hajui yupi anaitwa baba mkubwa na yupi baba mdogo, watoto wake wanasalimia watu wanaowafanania sura na hawawajui majina. Mi nilikuwepo, aliniomba nimsindikize.

Nilivyorudi nyumbani usiku huo nilimwambia mume wangu mambo mawili, Rombo tunaenda Desemba, na tuandike wosia. Rombo alicheka. Wosia aliogopa kidogo, kwao mwanaume akiandika wosia hajazeeka watu wanaanza kumwangalia vibaya, lakini tuliandika, tukaupeleka RITA, wale wakala wa serikali wa vizazi na vifo, wanatunza wosia pale, na nyumba tumeandika majina yote mawili. Kaka yake mkubwa ana namba yangu na mi nina yake. Mjomba mdogo, aliyeshika nafasi ya marehemu mjomba, naye tumempa nakala, alipoisoma akasema "sasa nyie mnakufa lini?"

Sasa hivi tuko na suala la shemeji, mdogo wake mume, kitindamimba, kamaliza chuo anataka kuja Dar kutafuta kazi na anauliza kama atafikia kwetu. Kwa mila zao yeye ndo anatakiwa arudi akae na wazee Rombo, lakini Rombo hakuna kazi ya uhasibu, na wazee wenyewe ndo wamemwambia aende. Tumebishana kiasi. Mume anasema aje tu ni mdogo wangu, mi nasema aje ila kwa masharti yanayosemwa mapema sio yanayosemwa jikoni, analala na wavulana chumba cha nyuma, miezi sita akipata au asipopata tunakaa tunaongea upya, Jumamosi anamfundisha mtoto wetu wa kwanza hesabu, na hela ya nauli ya usaili inatoka kwenye fungu la ndugu nusu ya kwao, sio kwenye mboga. Mume kakubali yote isipokuwa hiyo miezi sita, anataka mwaka. Mwenye ndugu ndo mwenye kusema kwahiyo barua ya masharti, maana nimemwambia nataka yaandikwe, ataituma yeye. Mi kazi yangu imebaki kutafuta fundi wa kuongeza kitanda cha juu.